Jina Lisilo na Kaburi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimetarizi Mwangwi.

Naliandika tena nilione vizuri: Mwangwi! Kijana mmoja fundi viatu kaingia dukani, vidole bado vina gundi, anataka blanketi la mtoto la rangi ya maziwa na jina kwa uzi wa buluu. Nikashika chaki yangu. Jina nani? Mwangwi. Nikamwambia arudie. Akarudia, wala hakuona haya. Ile sauti yako inayokurudia ukipaza kelele mbele ya ukuta mrefu — ndiyo jina la mwanawe. Nikajua leo nimepata wa kunitania. Miaka yote hii mimi na chaki yangu tumeandika majina ya watu. Sauti hatujawahi.

Nikauliza kisa. Akasema yeye na mkewe wamemwita mtoto muda mrefu. Wanaita, kimya. Wanaita, kimya. Safari hii wameitikiwa. Basi, akaanza kukagua viatu vyangu kama mafundi viatu wote wanavyofanya.

Nikaanza na herufi za katikati, maana ukianzia mwanzo jina hukimbilia kwenye pindo, na mama alinifundisha kuanzia katikati kwenda pembeni. Kila herufi ilipokaa nywele za mikono zilinisimama. Mtu mzima mimi, nasisimkia blanketi!

Mume wangu, Mzee, nilipomsimulia alicheka mpaka akapaliwa na chai. Anasema mtoto huyo akiitwa ataitika mara mbili.

Alhamisi, 6 Machi

Kumbe ni fasheni! Mama Vifungo ananiambia mimi ndiye niliyelala. (Tunagawana chumba cha duka, yeye upande wa vifungo na zipu, mimi upande wa tarizi, na habari za mji humfikia yeye kwanza.) Watu sasa wanafungua kamusi, wanatafuta neno ambalo hata babu zao hawakulitumia, wanampa mtoto. Msusi wa ng'ambo ya barabara mjukuu wake ni Manyunyu. Mlinzi wa benki kampata Kurunzi. Na leo hii hii kaja mwalimu na kazi ya mapacha: Kiima na Kiarifu! Nikauma midomo. Nikamuuliza yupi ni yupi. Akasema Kiima ndiye aliyetangulia, Kiarifu ndiye anayelia. Hakutabasamu hata kidogo. Mama Vifungo ilibidi ainame chini ya meza ajifanye kaangusha sindano.

Ama kweli, ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Lakini nacheka huku nimeshangaa. Wanapata wapi moyo wa namna hiyo?

Jioni kaja binti mmoja mjamzito, mwembamba, tumbo limemtangulia. Anataka Utusitusi lishonwe sasa, apige nalo picha kabla hajajifungua. Nikamkatalia. Hapa jina halishonwi mpaka mtoto alie. Mama aliniachia cherehani na sharti hilo. Kwanza mtoto alie, wenyewe wamsikie kwa masikio yao, halafu waje dukani. Sauti itangulie, jina lifuate. Binti akanuna, akaondoka. Mama Vifungo akaniambia nafukuza wateja kwa maneno ya marehemu.

Ndiyo, nafukuza. Ukiona mtu anavunja sharti la mama yake, mamaye yuko hai wa kumgombeza.

Jumanne, 11 Machi

Mkwe wangu kaniletea kamusi. Yake mwenyewe, jalada limeng'oka, limefungwa kwa utepe ule mweupe wanaozungushia maungio ya bomba. Yeye ni fundi bomba. Huisoma kama wengine wanavyosoma gazeti, anaifungua popote. Kasikia wateja wangu wananikoroga, kaona nisiaibike mbele yao. Akaiweka mezani kwa mikono miwili, akakaa kwenye ncha ya kiti, hakunywa hata maji. Mpaka leo ananiogopa, maskini. Nimeshamwambia mkwe ni mtoto, haelewi.

Akanionyesha neno analolipenda: mlizamu. Maji yanayochuruzika kutoka juu. Nikaduwaa. Maji yanachuruzika kutoka paa la jikoni kwangu tangu niolewe, na sikujua yana jina!

Alipoondoka sikushona tena. Nilikuwa nafunua tu. Utusitusi — kumbe ni ule mwanga hafifu, si giza si mwanga. Yule binti niliyemfukuza alikuwa anajua. Kilimia — kundi la nyota. Nimeziona nyota hizo tangu utotoni, ziko zimebanana kama watoto kwenye kitanda kimoja, nikidhani ni mimi peke yangu niliyeziona. Kumbe kuna mtu alishaziona zamani, akazipa jina, akafa, na jina likabaki hapo kwenye karatasi likingoja. Yote yale yanangoja! Ukurasa baada ya ukurasa. Nilifunika kamusi taratibu, nikaiwekea kitambaa juu.

Binti yangu hakuja naye. Mwezi wa saba huu, miguu imeanza kuvimba. Simuulizi sana. Mimba hii tunaizungumzia kwa kunong'ona, sote. Mwaka juzi tulisema kwa sauti kubwa.

Jumapili, 16 Machi

Nina hasira. Nitaandika mpaka iishe.

Walikuja kula mchana, binti na mumewe. Kila kitu kizuri, Mzee anachekesha, binti anacheka mkono uko tumboni. Nikaona wakati ndio huu. Nikasema mtoto akiwa wa kike, tunalo jina letu. Sikulitaja, hakuna asiyelijua. Jina la mama. Mama aliyenipa mkono wa kazi, aliyemlea huyu huyu binti mgongoni huku anakanyaga cherehani. Jina hilo lisipochukuliwa na mtu wetu litachukuliwa na nani?

Mkwe akatazama sahani. Binti akasema wameshachagua. Wa kike au wa kiume, jina ni moja.

Shubaka.

Nikamuuliza ni nini hicho. Akanieleza. Ni ile nafasi ndogo inayoachwa ukutani nyumba inapojengwa, ya kuwekea taa.

Tundu la ukuta! Mjukuu wangu aitwe tundu la ukuta! Mzee akajaribu kuokoa mambo, akasema basi wa pili aitwe Dari na wa tatu Kizingiti, tutapata nyumba nzima bila kulipa fundi. Hakuna aliyecheka. Akaongeza kwamba jina jema hung'ara gizani, na hili litang'ara kweli maana limewekewa taa ndani. Mkwe akatabasamu kidogo, akaona uso wangu, akaacha.

Nikasema maneno. Nikasema wanafuata mkumbo. Nikasema kesho fasheni itapita kama suruali za miguu mipana na mtoto atabaki na tundu lake. Nikasema mama angesikia.

Binti yangu hajawahi kunijibu kwa ukali. Wala leo hakunijibu kwa ukali. Alisema polepole, anakunja kitambaa cha meza na kukikunjua. Jina la bibi lina makaburi mawili, mama. Mimi nataka jina ambalo halina hata moja.

Mzee akainuka, akaenda kufunga bomba la nje ambalo lilikuwa limeshafungwa.

Nakiri hapa, maana hapa hakuna anayesoma, kwamba nilikuwa nimejisahaulisha. Mwaka juzi yule mtoto wa binti yangu tulimpa jina la mama. Alilia, tukasikia, nikashona. Tulifuata kila sharti. Alikaa nasi siku chache, na blanketi lile lenye jina ndilo alilozikwa nalo.

Hasira haijaisha. Ila sijui tena namkasirikia nani.

Jumatatu, 17 Machi

Tundu la ukuta.

Jumatano, 19 Machi

Leo fundi viatu karudi kuchukua blanketi, na safari hii kaja na mkewe na mtoto mwenyewe. Mwangwi mzima mzima! Kanona, kichwa kama boga dogo, anamtazama kila mtu kama anayedai kitu. Mkewe akanipa nimshike. Nikamwita kwa jina lake, kwa sauti ya chini, tuone. Akageuka.

Kageukia neno ambalo tangu dunia iumbwe hakuna mtu aliyewahi kuligeukia.

Nilikaa na jambo hilo siku nzima, nashona vitambaa vya hoteli, herufi zile zile, sindano inakwenda yenyewe. Majina yetu sote ni mitumba. Simaanishi vibaya; nimevaa mitumba maisha yangu yote na imenikaa. Langu lilikuwa la shangazi, la shangazi lilikuwa la bibi yake. Limepwaya hapa, limebana pale, na mfukoni mna vitu vya mwenyewe wa kwanza. Wananiambia nina hasira za shangazi. Labda si zangu kweli, labda zilikuja na jina! Na hawa vijana wameingia dukani wakanunua kitambaa kipya kabisa, chenye harufu ya kiwandani, hakijaguswa na mtu. Hakijafuta chozi la mtu.

Nikafungua kamusi nilitafute lile neno. Nililiona bila taabu. Limeelezwa kwa mstari mmoja tu. Nikaligusa kwa kidole kama mtu anayejaribu pasi.

Mama yangu jina lake nililitaka liendelee kwa sababu namtaka yeye. Ndivyo ilivyo. Namtaka aingie pale mlangoni aniambie mshono umelegea.

Sijampigia binti. Nitampigia Jumamosi.

Jumamosi, 22 Machi

Sikuwahi kumpigia. Mkwe ndiye aliyepiga, asubuhi, niko natia uzi. Binti kaanza uchungu kabla ya wakati wake. Nilifunga duka sijui hata kama nilifunga. Mama Vifungo alinikimbilia na kiatu changu kimoja mkononi.

Amezaliwa. Wa kike. Binti yangu yuko salama, kachoka, midomo imemkauka.

Mtoto hakulia. Wamempeleka haraka chumba kingine, wamemtia mrija wa kumsaidia kupumua. Hatujamwona.

Mzee kakaa kwenye benchi, hana mzaha hata mmoja.

Jumapili, 23 Machi

Nimemwona.

Sijui naandikaje.

Waliniacha niingie mara moja, nimevaa koti la kijani na kofia ya kitambaa. Chumba kina joto kama jikoni. Masanduku ya kioo yako ukutani kwa safu, kila moja na mtoto wake, mashine zinalia tiii, tiii. Lake ni la mwisho, karibu na dirisha. Juu ya sanduku kuna taa. Na ndani, kwenye mwanga ule, kitu kidogo kiasi kwamba nilitafuta kwanza. Nilidhani ni mkunjo wa shuka. Halafu mkunjo ukasogeza mguu.

Mungu wangu! Vidole! Kila kidole na ukucha wake! Ukucha ambao hata sindano yangu nyembamba kuliko zote isingeweza kuuchora. Masikio yamelala kama majani machanga. Kifua kinapanda, kinashuka, mashine inampumulia, lakini moyo ni wake mwenyewe, nesi kaniambia, moyo unafanya kazi peke yake. Nimeona mishono ya kila aina duniani. Mtu aliyeshona hii simfikii hata kumshikia uzi.

Nikasimama. Nafasi ndogo, ukutani. Ina taa.

Sikulia mle ndani. Nililia kwenye ngazi, na mfagiaji akanipisha bila kuniuliza kitu, akaanza kufagia upande wa pili.

Jumatatu, 24 Machi

Nesi wa zamu ya mchana — mnene, sauti nzito, anatembea kama anayejua kila kigae — katuambia tulete kitambaa kizito kidogo cha kufunika sanduku. Mwanga wa dirisha unampiga mtoto machoni, na macho yake hayajawa tayari kwa dunia. Masanduku mengine yote yana vitambaa, vingine vina maua, kimoja kina magari. Lake liko wazi.

Akauliza pia jina. Manesi mle ndani wanamwita mtoto wa dirishani. Binti yangu akafungua mdomo, akanitazama mimi, akaufunga. Mkwe akatazama viatu. Wakamwambia bado.

Bado! Kwa ajili yangu. Mtoto wao anapigania pumzi na wao wanachunga hasira ya bibi kizee!

Nilitaka kusema pale pale. Ulimi ukagoma. Nimezoea kusema kwa sindano.

Jumanne, 25 Machi

Nilifika dukani mapema. Kitambaa nilikitoa nyumbani, chini kabisa ya sanduku la nguo: lile shuka la mama. La pamba nzito, limefuliwa mpaka limekuwa laini kama unga, buluu yake imepauka. Nimelitunza miaka yote nikisema nitalifanyia kitu cha maana. Nikakata, nikakunja pindo, nikapiga pasi. Halafu nikashika chaki na kuandika katikati.

Mama Vifungo aliacha kupanga zipu. Alisoma kwa mbali. Akaniuliza kama mtoto amelia. Nikamwambia bado, mrija uko kooni, hata angetaka asingeweza. Akaniuliza kama nakumbuka tunavyofanya kazi hapa ndani. Nikamwambia nakumbuka.

Hakusema tena. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Mama Vifungo hakusema tena! Alikwenda mlangoni akageuza kibao kionyeshe tumefunga, akarudi, akanitafutia uzi. Nilitaka mweupe. Akakataa, akaniletea wa rangi ya mwali wa taa, kati ya njano na dhahabu. Akautia sindanoni mwenyewe kwa sababu macho yangu yalikuwa hayaoni.

Nikaanzia katikati.

Nilikuwa nasema na mama kichwani. Mama, mwaka juzi tulisubiri kilio, tukakipata, na jina tukakushonea wewe, na haikutosha. Sasa huyu hana kilio. Huenda asiwe nacho kabisa. Nikisubiri, nikikosa, atakwenda akiwa mtoto wa dirishani. Mtu asiondoke duniani kwa jina la dirisha. Kama kuna kosa liwe langu, mimi ni mkubwa, naweza kulibeba. Na shuka ni lako, kwa hiyo umo. Umo kote isipokuwa kwenye herufi.

Sijui nani aliniweka pale kwenye kiti, mimi na sindano, nilitie neno hilo kwenye nguo kwa mara ya kwanza. Linatoka kitabuni linaingia kwenye uzi. Nilikuwa naogopa, kama vile nikikosea litarudi. Nilipofikia herufi ya mwisho jua lilikuwa limefika kwenye meza ya vifungo, na vifungo vyote viliwaka. Mama Vifungo akanisogezea chai. Ilikuwa imepoa, nikainywa.

Nikamaliza, nikageuza nyuma kuangalia mafundo. Hakuna hata moja lililolegea.

Jumatano, 26 Machi

Nimempa binti mkononi. Akakunjua, akaona shuka kwanza. Alilijua kwa harufu tu, amelikumbatia na kulililia utotoni. Halafu akaona jina. Akaniuliza kama ninajua kwamba mtoto bado hajalia. Nikamwambia najua vizuri. Akaniuliza na sharti? Nikamwambia sharti nimelifumua, na mwenye nalo nimeshaongea naye.

Akaniegemea. Alikuwa hajaniegemea tangu mwaka juzi.

Mkwe kaniambia, ana kwa ana, bila kukaa kwenye ncha ya chochote: asante, mama.

Nesi mnene alilitandika shuka mwenyewe juu ya sanduku, akalivuta kwa uangalifu pembe zilingane. Upande wenye jina ukaja mbele. Akalisoma kwa sauti yake nzito. Shubaka! Hakuuliza maana yake. Akainama kwenye kile kitundu cha kupitishia mkono, akamwambia mtoto, haya Shubaka, bibi yako kakuletea pazia. Ndani, kidole kimoja kilikunjuka, kikajikunja tena. Labda ni bahati tu. Watoto hukunja vidole.

Mimi nilikiona.

Mzee kaona jina, kaona taa inavyopenya kidogo kwenye uzi wa dhahabu, akavua kofia. Nikamwambia aseme basi mzaha wake, tumeukosa. Akasema aliusema ule wa jina kung'ara akidhani ni mzaha.

Alhamisi, 27 Machi

Niko kwenye benchi la ukumbini. Naandika kwenye karatasi ya kuchorea, daftari nimelisahau dukani, nitaibandika baadaye.

Daktari katueleza asubuhi. Leo wanautoa mrija. Mapafu yamejitahidi, damu imekuwa nzuri, ni wakati wa kumwacha ajaribu mwenyewe. Akiweza, ameweza. Asipoweza wataurudisha, na hapo — hapo hakumalizia. Ni kijana mpole, alijikuna sikio badala ya kumalizia.

Walituomba tutoke. Wameingia daktari, nesi mnene na mwingine. Mlango ni mzito, wa chuma chini na kioo cheupe juu, huoni kitu, vivuli tu.

Tuko wanne kwenye benchi. Binti katikati, kajifunga shali, mkono mmoja kwangu na mmoja kwa mumewe. Mzee pembeni anazungusha kofia. Ukumbi umejaa, kila mtu ana wake humo ndani. Kuna mzee wa magari, yaani babu wa yule mwenye kitambaa cha magari. Kuna binti mwembamba kwenye ukuta wa pili, tumbo limekwisha, na mara naona ni yeye! Wa Utusitusi. Naye ana wake mle. Amenitambua. Nilidhani atageuza uso. Akanipungia mkono mdogo, nami nikampungia. Kesho nitamshonea. Hata kama mtoto wake hajalia, asisubiri, nitamshonea kesho.

Tunasikiliza. Sijawahi kusikiliza namna hii. Mashine tiii, tiii. Gari la dawa linapita, gurudumu moja linalia, binti kanifinya mkono akidhani ni mtoto wetu. Si yeye. Mtoto anaanza kulia mahali, sote tunainua vichwa — amebebwa mgongoni na mtu anayepanda ngazi.

Kimya tena. Vivuli vimesogea. Kimoja kimeinama.

Nawaza kwamba hata wakati huu, kabla sijajua lolote, kuna mtu duniani anaitwa hivyo. Wa kwanza. Hakuna aliyelivaa kabla yake, hakuna aliyelililia. Limeshafanya kazi, jina hilo. Tangu jana wanalisema mle ndani kila wanapomgusa. Binti ananong'ona kitu, nainama nimsikie. Anarudia hilo tu.

Mzee ananiambia niache kuandika. Naacha, nikimaliza mstari.

Kitasa kimezunguka. Nesi mnene katoka, barakoa bado iko usoni, sioni mdomo, naona macho tu, na macho yake sijui kuyasoma. Anatazama benchi hadi benchi, watu wote wamebana pumzi. Anaita kwa ile sauti yake, na ukumbi mzima unageuka kumtafuta mwenye jina:

Ndugu wa Shubaka!

Ni sisi. Tunasimama